Maswali yenu: Kuokoka hakuna kiingilio

Haya, nimepitia maswali yenu na kama kawaida nusu yake ni swali lilelile, nitoe nini na nimpe nani ndio Mungu anipokee. Nimechukua ya wale wanaoanza imani. Wa ndoa na uchumba subirini, na wale wanaouliza mnyama wa Ufunuo ni nani mwaka huu, sijui na sitafuti.

SWALI: Nimeongozwa sala ya toba mara nyingi mpaka aibu, kila mkutano wa injili muhubiri akiita watu mbele na mimi naenda. Nitajuaje kama nimeokoka kweli? (Kijana, Mbeya)

Kwanza tulia. Hakuna mahali kwenye Biblia mtume kamwambia mtu fumba macho, inua mkono, rudia maneno haya. Sisemi ile sala ni mbaya, wengi tumeanzia hapo, ila watu wameshaamini ile sala ndio inaokoa, kwahiyo mtu akianguka dhambini Jumanne anaona bando limeisha, Jumapili anarudi mbele kuunga tena. Hapana. Kinachookoa ni alichofanya Kristo, alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, soma 1 Wakorintho 15 mstari wa 3 na wa 4. Hiyo ndio injili yenyewe, mistari miwili tu, na ukiona mtu kahubiri saa nzima msalaba hajautaja, kaburi wazi hajalitaja, ila magari na viwanja kavitaja, ujue hujahubiriwa injili, umehudhuria semina ya mafanikio na spika kubwa.

Warumi 10:9 inasema ukimkiri Yesu kwa kinywa chako kuwa ni Bwana na kuamini moyoni kuwa Mungu alimfufua, utaokoka. Yule mwizi msalabani aliomba sentensi moja, akumbukwe, na jibu alilipata siku hiyohiyo, hakuwahi kubatizwa wala kutoa zaka wala kupewa kitambulisho cha ushirika. Sasa wewe usijipime kwa vile ulivyojisikia pale mbele maana machozi yanatoka hata kwenye msiba wa jirani. Jiulize leo hii unamtegemea nani mbele za Mungu, wewe na juhudi zako au yeye. Ya Jumanne yana mstari wake, 1 Yohana 1:9, unaungama unasamehewa unainuka unaendelea. Huna haja ya kwenda mbele tena, una haja ya mtu wa kukufundisha, na hapo ndipo waandaaji wengi wa mikutano wananiudhi, wanahesabu mikono iliyoinuka, wanapiga picha, asubuhi wanapakia jenereta na spika wanaondoka, na hao watu waliowahesabu hakuna hata mmoja wanayemjua jina.

SWALI: Biblia nianzie wapi kusoma?

Marko. Sura 16, jioni mbili tatu umemaliza. Halafu Yohana, halafu Warumi taratibu. Kiswahili cha Union Version ya 1952 kikikushinda tafuta Habari Njema, nyepesi zaidi. Ila tafadhali usianzie Ufunuo.

SWALI: Mtumishi ameniambia nimefungwa na madhabahu za ukoo wetu na siwezi kuanza maisha ya wokovu mpaka nipande mbegu ya laki tatu, nisipotoa ndani ya siku saba mlango unafungwa. Hiyo hela sina ila naweza kukopa. Nifanyeje? (Mama, Tegeta)

Usikope mama yangu. Usitume hata mia. Na najua utakapokopa, ni kwa hawahawa wakopeshaji wa kausha damu, halafu mwezi ujao wanakuja kubeba tivii na friji wakati mtumishi hapokei simu.

Fungua Matendo ya Mitume 8. Kulikuwa na Simoni, mchawi wa Samaria, aliona watu wakiwekewa mikono na kupokea Roho Mtakatifu, akaleta hela na yeye apewe uwezo huo. Petro alimjibu hivi: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Ona sasa, aliyekemewa hapo ni yule anayeleta hela, tena Petro hakuwa ameomba kitu. Sasa huyu wa kwako anayeitisha mwenyewe, tena na tarehe ya mwisho juu, sijui Petro angemwambiaje. Na kuna Gehazi, 2 Wafalme 5. Naamani kaponywa ukoma bure kabisa na nabii Elisha kakataa zawadi, Gehazi mtumishi wake akaona hasara hiyo siivumilii, akamkimbilia Naamani njiani na hadithi ya kutunga, akapewa talanta mbili za fedha na mavazi ya kubadili mawili, akarudi nyumbani nazo pamoja na ukoma. Hii habari nadra uisikie kwenye mahubiri ya mbegu.

Kuhusu ukoo, Ezekieli 18:20 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kama bibi yako alikuwa mganga wa kienyeji huo ulikuwa mzigo wa bibi yako, wewe una dhambi zako za kutosha na Kristo kashazibeba, na hakuacha salio la laki tatu likasubiri namba ya simu ya mtu.

Msinielewe vibaya, kutoa ni sehemu ya imani, kanisa lina bili ya umeme na wajane wanakula. Ila Paulo kasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa lazima, 2 Wakorintho 9:7. Siku saba au mlango unafungwa, kama hiyo sio lazima basi sijui lazima ni ipi.

Na sio hela tu zinazopotea. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. Ishirini, na watoto wakiwemo. Tulilia wiki moja tukasahau, na mafuta bado yanauzwa, na chumvi, na maji, na stika za kubandika mlangoni. Yesu alipowatuma wanafunzi wake aliwaambia mmepata bure, toeni bure, Mathayo 10:8.

SWALI: Tangu niokoke naota ndoto mbaya, ina maana gani?

Ina maana umelala. Omba, geukia upande wa pili.

SWALI: Nimeokoka mwezi uliopita, kiongozi wetu wa kikundi anataka wapya wote tufunge siku 21 kavu, bila chakula wala maji, ili "kuufisha mwili". (Dada, Kilifi)

Dada uko Kilifi na unaniuliza hilo swali? Shakahola iko kaunti yenu hiyohiyo. Mwaka 2023 watu walifukuliwa kwenye ule msitu zaidi ya mia nne, waliambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu, watoto ndio walitangulizwa. Mwili wa binadamu hauendi siku 21 bila maji, siku chache tu unakufa. Kufunga ni kuzuri, Yesu kafundisha kwenye Mathayo 6 na sharti alilokazia ni usijionyeshe kwa watu, ratiba ya kikundi hakutoa. Ruka mlo mmoja, omba, kunywa maji. Wenye kisukari, wajawazito na wenye vidonda vya tumbo ongeeni na daktari kwanza. Na huyo kiongozi akikwambia kumuuliza maswali ni kumpinga Roho, ondoka kikundini leo na umwambie ndugu yako mmoja kwanini umeondoka.

SWALI: Nataka kuokoka lakini pombe imenishinda, ngoja niache kwanza ndio nije?

Ukisubiri uache kwanza hutakuja. Yesu alisema wenye afya hawahitaji tabibu, Luka 5:31, sasa wewe unataka upone ndio uende hospitali. Njoo hivyohivyo. Ila nikwambie kitu ambacho wachungaji hawasemi, kama unakunywa kila siku kwa miaka na ukikosa unatetemeka jasho linakutoka, usikate ghafla peke yako chumbani, ni hatari, watu wanapata degedege na wengine wanakufa. Nenda hospitali ukaache chini ya uangalizi. Imani yako haipungui kwa kumeza dawa.

SWALI: Nilibatizwa mtoto, nibatizwe tena? (wasomaji wengi mno)

Nimeshajibu hili mpaka nimechoka na bado mnaleta. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana watakwambia ubatizo ni mmoja haurudiwi, Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato watakwambia wa utotoni haukuwa ubatizo. Chagua kanisa, kaa kwenye darasa lao, soma Matendo 8 na Warumi 6, amua mbele za Mungu. Mkiuliza hili tena mwezi ujao siweki. Mnabishana maji mengi au machache na hujamsamehe dada yako tangu msiba wa mama.

SWALI: Mume wangu hajaokoka, naambiwa kanisani nimwache maana nuru na giza havikai pamoja.

Aliyekwambia hajafika 1 Wakorintho 7:13. Mume asiyeamini akikubali kukaa na mkewe, mke asimwache. Mstari wa nuru na giza unaonya wasifungiwe nira pamoja na wasioamini, hauvunji ndoa iliyopo. Mpikie, mheshimu, usimhubirie kila akifungua mlango, na mikesha ya Jumatano, Ijumaa na Jumamosi punguza, mtu anaachwa na watoto usiku halafu mnashangaa anachukia kanisa. Anayekupiga hiyo ni kesi nyingine, nenda dawati la jinsia polisi, kwa huyo sikwambii uvumilie.

SWALI: Nilikuwa stoo kipa, niliiba vitu kidogokidogo miaka ya nyuma. Nimeokoka sasa, Mungu si amesamehe? Lazima nirudishe?

Amesamehe ndio. Sasa rudisha. Hili swali nimelipenda kuliko yote kwa sababu ni la mtu ambaye kitu kimemgusa kweli, hajauliza ndoto wala nyota. Wazee wetu wa uamsho walilijua. Ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Bukoba mpaka Kenya, walokole walijulikana kwa jambo moja kabla hata ya kuimba, walikuwa wanarudisha. Mtu anabeba jembe aliloiba anaenda kwa mwenyewe mchana watu wanaona, anamwambia hili nilikuibia nisamehe. Vijijini watu walishangaa zaidi hilo kuliko mahubiri. Leo mtu anaokoka na gari la wizi anaenda nalo ibadani, linawekewa mikono.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakuambiwa na Yesu arudishe, alisema mwenyewe atarudisha mara nne ya alichonyang'anya, na nusu ya mali kwa maskini. Torati ilitaka ile mali pamoja na sehemu ya tano juu yake, Walawi 6:5. Hurudishi ili usamehewe, unarudisha kwa sababu umesamehewa, ukigeuza hapo umerudi kulekule kwenye laki tatu za mama wa Tegeta. Piga hesabu ya kweli, ongea kwanza na mtu mzima wa imani unayemwamini na ikibidi mwanasheria, maana tajiri wako wa zamani ana haki ya kwenda polisi na lazima uende ukijua hivyo. Kama huna yote, peleka kiasi na uombe kulipa kidogokidogo, uandikishane naye. Kama alishakufa, wapelekee watoto wake. Na usiende kutoa ushuhuda madhabahuni kabla hujafika kwake.