Tangi langu la samaki wa bahari linazidi chumvi, nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Chake Chake. Nina tangi la kioo la lita 120 sebuleni, ndani mna samaki wadogo wa miambani na kamba. Maji yakipungua huongeza ya bahari, kama lita 6 kwa wiki, kwa kuwa pwani si mbali. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji kinachoonyesha wingi wa chumvi, ilikuwa ikisoma 1.026. Sasa, baada ya wiki tatu, imefika 1.030 na kamba wawili wamekufa. Chumvi hii inatoka wapi nami siongezi chumvi?

JIBU: Waalaykum salaam. Unaiongeza, ndugu yangu, ila huioni. Kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi yote inabaki tangini. Si ndivyo yanavyofanya kazi mashamba ya chumvi ya hapo hapo Pemba? Lita moja ya maji ya bahari yetu ina chumvi ya gramu 35 hivi. Kila ukijazia lita 6 unatia gramu 210, na kwa wiki tatu ni gramu 630, juu ya gramu 4,200 ulizoanza nazo. Gawa kwa lita 120: gramu 40 kwa lita. Hiyo ndiyo 1.030 yako.

Kwa hiyo pengo la mvuke lijazwe kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari ni ya kubadilishia tu: umechota lita 12 za zamani, unarudisha lita 12 mpya.

Ila maji baridi, yaani hayo yasiyo na chumvi, nayo yana mitego. Visima vya karibu na pwani mara nyingi huwa na chumvichumvi, na vya kwenye mawe ya chokaa hujaa kalisi. Ya mfereji yakiwa na klorini, yalaze ndooni usiku kucha na pampu ya hewa ikifanya kazi. Mvua ni neema, lakini si ile inayoteremka kwenye mabati, maana huchukua zinki. Tega beseni la plastiki uwanjani, baada ya mvua kunyesha kidogo na kusafisha hewa. Wapo wanaokinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi wakidhani ni safi kuliko yote. Yamepita kwenye mabomba ya shaba hayo, na shaba ni sumu kwa kamba hata ikiwa kidogo mno. Mimi ningenunua dumu la maji ya kunywa yaliyochujwa, nikamaliza habari.

Sasa tulishushe tangi, bila pupa. Toa lita 3 za tangini, rudisha lita 3 za maji baridi, ukimimina taratibu karibu na mdomo wa pampu yachanganyike. Fanya hivyo kila siku kwa siku 5, utakuwa umerudi kwenye gramu 35 hivi. Mvuke wa siku hizo ujazie mbali na hizo lita 3, kwa maji baridi vilevile. Mwendo huu haufiki 0.001 ya haidromita kwa siku, na viumbe wanaustahimili. Ukitaka kumaliza kwa jioni moja, utawapoteza na kamba waliobaki.

Baada ya hapo, bandika utepe kwenye kioo usawa wa maji, na ujazie kila asubuhi mpaka kwenye utepe. Kidogo kidogo kila siku, si lita 6 za Ijumaa. Kaskazi ikivuma na feni ikiwa inapuliza juu ya tangi kulipoza, mvuke utaongezeka sana, usishangae. Ukichoka kujazia kwa mkono, weka dumu juu na floti ndogo ya plastiki, inayofunga maji yakifika usawa wake. Ya shaba hapana. Na dumu lenyewe liwe la lita 3 au 4 tu, kwa sababu floti ikikwama maji yote yataingia tangini.

Kuhusu kipimo: haidromita ya mkono, ile yenye mshale unaopanda na kushuka, hudanganya kapovu kakishika mkono huo, husoma juu. Ipigepige kidogo kabla ya kusoma, na uangalie imetengenezwa kwa joto la nyuzi ngapi. Huhitaji kununua kimiminika cha kusahihishia kipimo. Muombe mvuvi anayekwenda upande wa kisiwa cha Misali akujazie dumu maji ya bahari ya nje, ambayo yanatakiwa yasome 1.025 au 1.026. Dumu lisiwe lililowahi kutiwa petroli.

Maji hayo hayo ndiyo mazuri ya kubadilishia. Ya ndani ya ghuba, penye mikoko na vijito, hupungua chumvi wakati wa masika, kwa hiyo mwezi huu utachota mazito na mwezi ujao mepesi. Ukilazimika kuchota ufukweni, ngoja maji yajae, mbali na mitaro ya mji. Na siku kipimo kikisoma chini, usitie chumvi ya jikoni. Haina uwiano wa magnesi na kalisi uliomo baharini. Acha maji yapungue yenyewe siku mbili tatu bila kujazia.

Kamba wapya usiwatie mpaka kipimo kikae palepale wiki nzima. Siku ya kuwatia, waweke kwenye ndoo na maji waliyotoka nayo, kisha udondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Samaki wanavumilia haraka, kamba hawavumilii.