Kukaanga ngisi wa Hong Kong: maswali yenu

Juzi niligusia kidogo tu msemo wa Kikantoni, lugha ya Kichina inayosemwa Hong Kong, "chaau yauyu", yaani kukaanga ngisi, maana yake kumfukuza mtu kazi, basi maswali yakamiminika. Haya tuyachukue.

Ngisi na kufukuzwa kazi wapi na wapi?
Mwangalie ngisi akiingia kwenye mafuta ya moto, anajikunja mwenyewe mpaka anakuwa kama mkeka uliokunjwa. Sasa zamani kule Hong Kong na Guangdong, jimbo la China lililo jirani yake, vibarua na wauzaji wengi wa madukani walilala hukohuko kazini na matandiko yao wenyewe, bosi akikukataa unakunja matandiko yako unaondoka, na neno "kufukuzwa" ni chungu mdomoni, kwa hiyo wakamsingizia ngisi. Na sisi je? Kirago si mkeka wa kulalia? Halafu tunasema fulani kafungashiwa virago! Mi hili lilinisisimua jamani, watu wa bahari mbili tofauti wameangalia kitanda cha kibarua wakaona kitu kilekile.

Naitumiaje kwenye sentensi?
"Ng'o bei loubaan chaau zo yauyu", bosi kanikaanga ngisi. Hiyo ng' ni ya ng'ombe kabisa, hapo tuko vizuri, ila "yu" ya mwisho chongoa midomo kama unapiga mluzi. Watu wakiwa na haraka ngisi wanamwacha, wanasema "chaau" tu na kila mtu ameelewa unga umemwagika.

Na nikiacha kazi mwenyewe?
Hapo unamgeuzia kibao, "chaau loubaan yauyu", wewe ndo umemkaanga bosi. Naupenda huu kuliko wote, maana Kiswahili chetu virago anafungashiwa mfanyakazi tu, bosi hafungashiwi.

Nikiagiza ngisi wa kukaanga restoranti ya Hong Kong watanicheka?
Hapana, agiza ule, ni chakula cha kawaida. Wa kuogopwa zamani alikuwa kuku. Kwenye mlo wa sikukuu ya mwaka bosi alikaa na wafanyakazi wake meza moja, na yule aliyeelekezewa kichwa cha kuku, au aliyewekewa kipande cha kuku na bosi mwenyewe, alijua kazi imeisha. Anaitwa "mou ching gai", kuku asiye na huruma, na mpaka leo mtu aliyefukuzwa unaweza kusikia anasema amemla.