Jibu: Hivi kuna mtu anaipenda kazi yake kweli?
Mkuu umeuliza kama kuna mtu anaamka asubuhi ana hamu ya kwenda kazini au wote tunasubiri mshahara tu. Mimi naipenda yangu. Nafundisha darasa la kwanza shule ya serikali huku Tabora, mwaka wa 9 huu. Hela haitoshi, ukishatoa makato ya mkopo wa chuo na pensheni kinachobaki kinaisha mapema, hilo sifichi.

Ila mtoto anakuja Januari hajui hata kushika penseli, unaanza naye irabu a e i o u, mnaenda ba be bi bo bu, wiki zinapita unaona kama hakiingii kitu, wenzake wanamwacha na we unakosa usingizi, halafu siku moja mwezi wa sita hivi anasimama anasoma mwenyewe "baba analima" bila kusaidiwa anageuka kukuangalia. Ile sura yake aisee acha tu.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza dukani Kariakoo miaka 2, nilikuwa nalipwa afadhali lakini bosi yuko mgongoni mwako kutwa nzima, hata kupanga bidhaa mpaka aseme yeye. Sasa wewe umesema unataka kuacha kazi, kabla hujaandika barua jiulize kinachokuchosha ni kazi yenyewe au ni bosi, maana mimi kuuza nilikuwa napenda sana, hasa mteja akirudi anakuulizia kwa jina.