Pima hatua yako kwa siku yako mbaya

Anayetaka kujifunza Kiingereza hapa Lubumbashi, kwa ajili ya kazi ya mgodini au biashara ya Zambia, mara nyingi hujipangia saa nzima kila jioni. Wiki ya kwanza inakwenda. Wiki ya pili umeme unakatika siku mbili, siku ya tatu anarudi usiku kutoka mpakani Kasumbalesa, ya nne anaona aibu hata kufungua daftari. Msimwite mvivu. Ile saa aliipima kwa siku nzuri, siku yenye umeme, maji na mwili wenye nguvu.

Pima upya. Kumbuka siku tatu zilizokuchosha zaidi wiki iliyopita, ujiulize kila moja ilikuachia dakika ngapi za kweli. Chukua ile iliyobakiza kidogo kuliko zote, ugawe kwa mbili. Kama ni dakika kumi, hatua yako ni dakika tano. Utaona haya kumtajia mtu. Iache hivyo hivyo.

Dakika tano zinatosha maneno manne. Kunja ukurasa wa kaye, yaani daftari, kwa urefu upate safu mbili, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Andika neno, litamke kwa sauti, kisha litungie sentensi fupi ya maisha yako: ukiuza vitenge, sentensi iwe ya vitenge. Kesho yake, kabla ya maneno mapya, funika upande wa kulia ujijibu. Rudia tena siku ya tatu na ya saba. Neno lililokataa liwekee nukta, lihesabiwe kati ya manne ya siku inayofuata. Siku tano kwa wiki ni maneno 20. Jumamosi ni ya kurudia tu, Jumapili pumzika kabisa. Kwa wiki 50 ni hadi maneno 1,000. Wengi wanaharibu kwa kunakili maneno 30 kutoka kwenye simu siku moja bila kuyatamka. Hapo mkono umefanya kazi, kichwa kimelala.

Halafu itafutie hatua mahali pa kukaa. Usiifunge kwenye saa, wala kwenye umeme. Ifunge kwenye jambo ambalo nyumba haiwezi kulikosa. Maji ya bukari (ugali) yakiwekwa kwenye mbabula, jiko la makaa, makala yanashika polepole, sufuria imetulia, na hakuna la kufanya ila kungoja. Kaye ikae hapo hapo, kando ya unga, biki (kalamu) ikiwa imefungwa kwa kamba. Ukianza kuitafuta chumbani, maji yatachemka hujaandika kitu.

Ukikosa siku, usilipe deni. Manne ya jana yasigeuke manane ya leo, maana watu huacha pale mzigo unapofika ishirini. Fanya manne yako tu. Siku 14 zikipita na hujakosa zaidi ya mbili, ongeza neno moja, moja tu. Ukiongeza kisha ukakosa siku tatu mfululizo, rudi ulipokuwa.

Jambo la pili, liwe mazoezi au akiba, lingoje mpaka la kwanza lifanyike bila kukumbushwa. Kwa akiba, franga 500 kila siku ndani ya kopo ni 15,000 kwa siku 30, na usipoweka unajikosesha mwenyewe. Likelemba, kundi la kuchangiana pesa kwa zamu, ni habari nyingine: ukishindwa mchango, anayeumia ni yule ambaye zamu yake imefika. Basi mchango wa likelemba upime kwa mwezi wa Septemba, wakati pesa ya masomo na yunifomu vinadaiwa pamoja, kamwe usiupime kwa mwezi ulioingiza vizuri.

Mwezi ukiisha, rudi kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye, funika kulia, jaribu yote. Yaliyotoroka yarudi kwenye foleni, mawili kwa siku pamoja na mapya mawili.