Mwili Ulioshtuka na Mkeka wa Yoga

SWALI: Mwaka jana nilinusurika ajali ya basi nikitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Majeraha yamepona, lakini hadi leo nikisikia breki za lori moyo hunienda mbio na viganja hulowa jasho. Rafiki yangu alinipeleka kwenye darasa la yoga. Mwalimu alikuja kwa nyuma, bila kusema neno, akanikandamiza mgongo ili niiname zaidi. Nikapiga ukelele, nikalia mbele za watu, na tangu siku hiyo naona haya kurudi. Je, yoga hainifai, au kasoro ni yangu?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, dada yangu. Huna kasoro yoyote. Mwili uliorushwa huku na huko ndani ya basi bila hiari yake ulikandamizwa tena bila hiari yake, nao ukajitetea. Kosa lilikuwa la mkono ule, si la mgongo wako.

Ipo namna ya kufundisha yoga iliyoandaliwa kwa ajili ya watu wenye kiwewe, yaani mshtuko unaobaki mwilini na akilini baada ya tukio la kutisha. Humo mwalimu hamgusi mtu, na hasemi "inama", bali husema "ukipenda, inama kidogo, au ubaki ulivyo". Si lazima kufumba macho, na anayetaka kutoka hutoka bila kuulizwa. Mtu wa nje anaweza kudhani kuwa hiyo ni adabu tu ya maneno, kumbe ndiyo kiini chenyewe, kwa sababu kiwewe humpokonya mtu mamlaka juu ya mwili wake, na kila anapoamua mwenyewe kuunyoosha mkono au kuushusha, hurudishiwa kipande cha mamlaka hayo.

Mwaka 2014 daktari wa akili Bessel van der Kolk na wenzake, nchini Marekani, walichapisha utafiti uliohusu wanawake 64 wenye ugonjwa wa kiwewe (PTSD) ambao matibabu ya awali hayakuwa yamewasaidia vya kutosha. Baada ya wiki 10, wanawake 16 kati ya 31 waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, ilhali katika kundi lililopewa mafunzo ya afya walikuwa 6 kati ya 29. Idadi hiyo ni ndogo, na yoga yenyewe ilikuwa nyongeza ya tiba, si mbadala wake. Kwa hiyo, ikiwa huwezi tena kupanda basi au hulali kwa jinamizi, nenda kwanza kwenye idara ya afya ya akili, kama ile ya Hospitali ya Muhimbili.

Nyumbani, anza na kiti. Vua viatu, kanyaga sakafu, usikilize ubaridi wa saruji nyayoni. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, uitoe ukihesabu hadi 6, maana pumzi inayotoka polepole hupunguza kasi ya moyo. Pumzi yenyewe ikikutia hofu, iache, ushikanishe viganja na kuvisukumiza. Kulala chali gizani mwishoni mwa darasa huwashinda wengi. Keti ukiegemea ukuta.

Ukitaka kurudi darasani, zungumza na mwalimu kabla ya kuanza, umwambie kwamba hutaki kuguswa, kisha utandike mkeka wako karibu na mlango. Akikujibu kwamba yeye ndiye ajuaye mwili wako unahitaji nini, ukunje mkeka uondoke.