Ukiona uyoga usioujua Arabuko Sokoke, usikimbilie jina

Masika yakishashika huku Malindi mi huwa msituni Arabuko Sokoke, na watu wananitumia picha za uyoga zimepigwa kwa juu tu, eti huu ni mpya? Jamani, kwa picha ya kofia peke yake hata mtaalamu hana la kukujibu.

Uyoga ukikauka rangi inabadilika, harufu inapotea, maziwa (ule utomvu unaotoka kwenye uyoga wengine ukikatwa) hayatoki tena, kwa hiyo daftari kwanza, hapo hapo ulipoinama. Andika uko chini ya mti gani! Hili wengi hawalijali na mi naona ndio siri yenyewe, mana Amanita na Russula, makundi mawili ya uyoga, zinaishi kwa kushirikiana na mizizi ya mti wa mrihi (Brachystegia), ukitoka kwenye mirihi unakuta uyoga mwengine kabisa. Usiung'oe, chimbua na kisu taratibu, Amanita nyingi zina kifuko kwenye kitako cha shina kimejificha kwenye mchanga, na ule uyoga unaoota kwenye kichuguu una mzizi mrefu unashuka mpaka kwenye kiota cha mchwa, ukivuta kwa pupa vyote vinabaki chini. Kisha pasua shina utazame, linageuka buluu? linatoa maziwa? linakatika kama chaki? Unuse pia.

Ukifika nyumbani laza kofia moja juu ya karatasi nusu nyeupe nusu nyeusi, tumbo chini, funika na bakuli, asubuhi utakuta poda, ndio spora, mbegu za uyoga, ya Amanita nyeupe, ya uyoga wa kichuguu inaelekea pinki. Zilobaki kausha usiku huo huo kwa joto dogo, kama digrii 40, mana unyevu wa pwani hausubiri mtu, halafu tia kwenye bahasha pamoja na zile punje za silika za boksi la viatu.

Kuitangaza spishi mpya ni kazi nyengine. DNA inasaidia sana, haswa ile sehemu yake inayoitwa ITS, inayotumika kutofautisha spishi za uyoga, lakini lazima ulinganishe na maelezo ya zamani ya uyoga wa Kongo na Zambia ambako mirihi ipo pia, sampuli iwekwe mahali pa umma kama East African Herbarium, hifadhi ya sampuli zilizokaushwa kule Nairobi, na tangu 2013 jina halikubaliki bila namba ya usajili, mfano ya MycoBank, daftari la mtandaoni la majina ya uyoga.

Kibali chukua kabla ya kukusanya. Na yule mzee wa kijijini alokuonyesha kichuguu, jina lake liandikwe kwenye lebo pale pa mkusanyaji, akikubali, mana kumuacha nje ni dhulma.