Jumbe Zikirundikana, Mtazame Msomaji Kabla ya Kuugusa Mkondo

Katika mifumo inayopokezana jumbe kupitia NATS, yaani seva inayopitisha jumbe kati ya programu na programu, seva hiyo ikizima kila mtu hujua, na kila mtu hujua la kufanya. Kinachowatia wasimamizi kiwewe ni jumbe kurundikana ilhali seva ni nzima, diski ina nafasi na mtandao haujakatika. Mwenye zamu hufungua terminali, huona mkondo, yaani hifadhi ya jumbe hizo, wenye jumbe laki kadhaa, na wazo linalomjia upesi ni kuufuta ili mfumo upumue. Kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaosimamia mfumo wa kuuza tiketi za mabasi ya mikoani, ambao malipo yake yote hupita katika mkondo mmoja kabla ya abiria kupata tiketi, na karibu kila mara tulipofuatilia mrundikano tulikuta chanzo chake ni programu inayosoma, wala si mkondo wenyewe. Ndiyo maana humshauri kila anayeanza zamu azijue amri zinazoanza na `nats consumer` vizuri kuliko zile zinazoanza na `nats stream`.

JetStream, sehemu ya NATS inayohifadhi jumbe, ilitolewa rasmi pamoja na toleo la 2.2 la seva mwaka 2021 na kuchukua nafasi ya NATS Streaming ya zamani, kwa hiyo mafunzo yanayoeleza amri za mfumo huo wa zamani yasikupotezee muda. Mkondo ni kama daftari la mapokezi: kila ujumbe unaoingia hupewa nambari ya mfuatano na kubaki mahali pake. Msomaji, ambaye katika amri huitwa `consumer`, ni alamisho ndani ya daftari hilo, na alamisho hiyo hutunzwa na seva, si na programu. Mkondo wetu unaitwa MALIPO na una wasomaji watatu: `tiketi` anayetoa tiketi, `sms` anayempelekea abiria taarifa kwenye simu, na `hesabu` anayewapelekea wahasibu kumbukumbu. Mmoja akikwama, wengine wawili huendelea na kazi bila kujua lolote. Kwa hiyo anayeufuta mkondo kwa sababu ya mmoja huwanyang'anya kazi wote watatu.

Idadi ya jumbe peke yake haina maana mpaka ujue sera ya uhifadhi ya mkondo husika. Amri `nats stream info MALIPO` huonyesha idadi hiyo, ukubwa wake, nambari ya ujumbe wa kwanza na ya wa mwisho, lakini mstari unaostahili kusomwa kabla ya yote hayo ni ule wa "Retention". Chini ya sera ya `limits`, ambayo ndiyo inayotumika usipochagua nyingine, ujumbe hubaki hata baada ya kusomwa na wote, mpaka ufikiwe ukomo wa umri, wa idadi au wa ukubwa uliowekwa. Mkondo wa namna hiyo wenye jumbe laki nne unaweza kuwa na afya njema kabisa. Chini ya sera ya `workqueue` ujumbe hufutwa mara tu msomaji anapouthibitisha, yaani anapoiarifu seva kwamba amekwisha kuushughulikia, kwa hiyo laki nne hizo hizo ni kazi ambayo bado haijafanywa. Sera ya `interest` huhifadhi ujumbe mpaka wasomaji wote wanaouhusu wauthibitishe, na kama hakuna msomaji yeyote aliyeundwa, ujumbe haubaki kabisa, jambo linalowashangaza wengi siku ya kwanza.

Ukishajua sera, achana na mkondo uwageukie wasomaji. Amri `nats consumer report MALIPO` huwapanga wote katika jedwali moja, nawe kwa mtazamo mmoja utaona nani yuko nyuma. Kisha mfungue huyo peke yake:

`nats consumer info MALIPO tiketi`

Sehemu ya chini ya majibu ya amri hii ndiyo ninayoitegemea kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Ukiona "Unprocessed Messages" (jumbe ambazo msomaji bado hajapewa) inapanda, "Outstanding Acks" (alizopewa lakini hazijathibitishwa) ni sifuri, na "Waiting Pulls" (maombi ya jumbe yanayosubiri) nayo inabaki sifuri kila unaporudia amri, maana yake ni kwamba hakuna programu inayoomba ujumbe. Huenda programu imezimika, huenda inaunganishwa na seva nyingine, au huenda toleo jipya lilipandishwa likiwa na jina la msomaji lililokosewa herufi moja. NATS haina kosa hapo, na amri yoyote utakayoipiga upande wa mkondo haitasaidia kitu. Nenda kwenye kumbukumbu za programu.

Hali ya pili ni pale "Outstanding Acks" inapofika kwenye ukomo wake, ambao kwa kawaida ni 1,000, na kutulia hapo. Katika hali hii programu ipo na inachukua jumbe, ila haizithibitishi, au inazithibitisha polepole kiasi kwamba seva imeacha kuipa nyingine mpaka ipunguze ilizonazo mkononi. Kwetu chanzo huwa ni kitu kilicho nyuma ya programu: hifadhidata iliyozidiwa, au huduma ya malipo ya simu inayochelewa kujibu, hasa mwisho wa mwaka watu wanapokwenda makwao. Wengi hukimbilia kupandisha ukomo huo kwa `nats consumer edit`, na tarakimu kwenye skrini huonekana kupata nafuu kwa muda. Mimi sikubaliani na dawa hiyo. Hifadhidata iliyoshindwa na elfu moja haitaziweza elfu tano, na programu ikianguka njiani, jumbe zote ilizozishika zitatolewa upya.

Hali ya tatu ndiyo yenye hatari kwa pesa za watu, nayo huonekana kwenye "Redelivered Messages". Seva humpa msomaji muda wa kuthibitisha, ambao usipouweka mwenyewe ni sekunde 30, na ukipita bila uthibitisho ujumbe hutolewa tena. Sasa fikiria programu inayosubiri jibu la huduma ya malipo kwa sekunde 40: kabla haijamaliza, ujumbe ule ule umekwisha kukabidhiwa nakala nyingine ya programu hiyo, na abiria mmoja anapata tiketi mbili za kiti kimoja. Tiba ni kuurefusha muda huo uzidi kazi ndefu kuliko zote unayoitarajia, au programu iiarifu seva kwamba bado inaendelea na kazi. Hata hivyo, programu ya tiketi yenyewe inapaswa kuitambua nambari ya muamala iliyokwisha kushughulikiwa, kwa sababu hakuna mpangilio wa seva utakaozuia kabisa ujumbe kurudiwa.

Wakati mwingine marudio hayo yote hutokana na ujumbe mmoja tu mbovu. Linganisha nambari ya mkondo iliyo kwenye "Acknowledgment Floor", yaani mahali ambapo jumbe zote mpaka hapo zimethibitishwa, na ile ya ujumbe wa mwisho kutolewa. Ya pili ikisonga mbele huku ya kwanza imeganda, ujumbe unaofuata mara baada ya ile iliyoganda ndio unaokwamisha, au, kama msomaji huyo huchuja mada (anwani ambazo jumbe hutumwa kwazo), ule wa kwanza baada yake unaolingana na mada zake. Usome bila kuugusa:

`nats stream get MALIPO 48213`

Hapa naomba msomaji wa makala hii awe mwangalifu. Iko amri nyingine, `nats consumer next`, ambayo watu huitumia "kuchungulia tu". Amri hiyo haichungulii. Huchukua ujumbe kwa jina la msomaji halisi, na usipoiagiza vinginevyo huuthibitisha papo hapo, kwa hiyo programu ya tiketi haitauona ujumbe huo kamwe na kuna abiria atakayelipa bila kupata kiti. Kwa kuchungulia tumia `nats stream get` au `nats stream view`, au uunde msomaji wako wa muda.

Ujumbe mbovu ukishaujua, swali ni lini seva iache kuutoa. Idadi ya majaribio haina kikomo mpaka ukiweke mwenyewe, na msimamo wangu ni kwamba msomaji yeyote anayegusa malipo asiundwe bila kikomo hicho. Sisi hutumia tano. Majaribio yakiisha, ujumbe hubaki mkondoni lakini msomaji huyo hapewi tena. Wala usitarajie NATS iuhamishe yenyewe kwenye mkondo wa jumbe zilizoshindikana, kwani haifanyi hivyo. Inachofanya ni kutoa tangazo, ambalo unaweza kulisikiliza hivi:

`nats sub '$JS.EVENT.ADVISORY.CONSUMER.MAX_DELIVERIES.>'`

Alama moja moja za nukuu ni za lazima. Pasipo nazo, sheli ya Linux, yaani programu inayozisoma amri unazoandika, itaidhania alama ya dola kuwa ni mwanzo wa jina la thamani, na mshale wa mwisho kuwa ni agizo la kuandika kwenye faili. Afadhali zaidi, tengeneza mkondo mdogo unaoyanasa matangazo hayo, ili asubuhi uyakute hata kama usiku hakukuwa na mtu mbele ya skrini. Kila tangazo hubeba nambari ya ujumbe husika, ambayo utaipeleka kwenye `nats stream get`.

Zipo nyakati ambapo kufuta ni halali. Jumbe za majaribio zikiingia kwenye mkondo halisi, kwa mfano, zitoe zenyewe kwa kutaja mada yake, `nats stream purge MALIPO --subject malipo.majaribio`, badala ya kufuta kila kitu. Kwanza chukua nakala ya akiba kwa `nats stream backup`, na uijaribu kwa kuirejesha kwenye seva ya kompyuta yako, kwa maana nakala ambayo haijawahi kurejeshwa huijui. Kuwasha seva ya namna hiyo ni amri moja, `nats-server -js`. Nambari za mfuatano hazirudi kwenye moja baada ya kufuta, hivyo usiogope ukiona mkondo mtupu ambao ujumbe wake wa kwanza utakuwa na nambari kubwa.

Sera ya `limits` hugharimu diski, lakini faida yake huonekana siku ambayo msomaji mmoja alifanya kazi vibaya bila kukwama. Tuseme programu ya `hesabu` ilipandishwa ikiwa na kasoro na kuandika makato yasiyo sahihi tangu ujumbe nambari 48213. Alamisho ya msomaji aliyepo hairudishwi nyuma kwa kuhariri mpangilio wa mahali alipoanzia, kwa hiyo hutengenezwa msomaji mwingine anayeanzia hapo:

`nats consumer add MALIPO hesabu_upya --pull --deliver 48213`

Programu iliyorekebishwa husoma kupitia jina hilo jipya, tiketi na sms zinaendelea kama kawaida, na kazi ikiisha msomaji wa muda huondolewa kwa `nats consumer rm`. Aliyeufuta mkondo kwa hofu ya mrundikano hana njia hii.

Upande wa kuingiza jumbe nitasema machache. Unapojaribu mkondo mpya, usiamini ujumbe wa mafanikio wa `nats pub`, kwa sababu amri hiyo kwa kawaida hutuma tu na kuondoka, hata kama hakuna mkondo unaoisikiliza mada hiyo. Tumia `nats req`. Mkondo ukiupokea ujumbe utajibu kwa jina lake na nambari ya mfuatano, na kama haupo utaambiwa hakuna anayejibu. Huduma za malipo zina tabia ya kutuma taarifa moja zaidi ya mara moja, kwa hiyo weka nambari ya muamala kwenye kichwa cha `Nats-Msg-Id`: seva itakataa marudio yatakayofika ndani ya dakika mbili, isipokuwa umeubadilisha muda huo.

Mipangilio yenyewe isikae kichwani mwa mtu wala kwenye historia ya terminali. Itoe kwa `nats stream info MALIPO --json | jq .config > malipo.json`, iweke faili hiyo pamoja na msimbo wa mfumo, na mabadiliko yote yapitie humo kwa `nats stream edit MALIPO --config malipo.json --dry-run`, ambayo huonyesha tofauti bila kutekeleza. Aina ya hifadhi, yaani diski au kumbukumbu ya muda, haibadilishwi baada ya mkondo kuundwa, kwa hiyo uamuzi huo ufanywe mapema.

Limebaki suala la nani aruhusiwe kufanya nini. Watu wengi hutenganisha mazingira kwa `nats context save` na `nats context select`, nasi pia hufanya hivyo, lakini jina la mazingira kwenye skrini halimzuii mtu aliyechoka saa nane za usiku. Kinachomzuia ni ruhusa za seva, na NATS inalirahisisha jambo hili kwa kuwa kila amri ya usimamizi ni ujumbe unaotumwa kwenye mada yake maalumu. Mtumiaji wa zamu tulimruhusu kutuma kwenye mada za `INFO`, `LIST`, `NAMES` na `MSG.GET` zilizo chini ya `$JS.API`, na kusikiliza `_INBOX.>` ili majibu yamfikie. Tulimnyima `$JS.API.STREAM.PURGE.*`, `$JS.API.STREAM.DELETE.*`, `$JS.API.STREAM.MSG.DELETE.*` na `$JS.API.CONSUMER.DELETE.>`, pamoja na `$JS.API.CONSUMER.MSG.NEXT.>`, ambayo ndiyo inayoziba ile njia ya kuchungulia kwa kuchukua. Anayehitaji zaidi ya hapo humwamsha mwenzake mwenye ufunguo kamili, naye swali lake la kwanza huwa ni kuletewa majibu ya `nats consumer info`.